Chuo cha Morogoro na Mfereji wa Bungu

Leo tunazungumza habari za chuo kinachosomesha wataalamu wa maji ya shambani. Pengine utasema, "Chuo kiko Morogoro, mimi niko mlimani Bungu, kinanihusu nini?" Tega sikio.

Kwanza tukubaliane kwamba elimu ya mfereji haikuanzia chuoni. Wazee wa Usambara walikinga vijito na kuyaongoza maji ubavuni mwa mlima mpaka mashambani. Jirani zetu wa Upare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yatumike mchana, kwa zamu.

Sasa chuo chenyewe. Mwaka 1965 kilianzishwa Chuo cha Kilimo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kikitoa stashahada. Baadaye kikageuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo, chini ya Chuo Kikuu huko Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikasimama peke yake, kikaitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kumkumbuka Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huo huo. Leo chuo hicho kinatoa hata shahada ya uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Mafundi wa mabomba na visima nao wana chuo chao, Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1974.

Tena chuo cha Sokoine kina mkono wake huku huku milimani. Msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, ni mali yake kwa mafunzo na utafiti. Msitu wa namna hiyo hupokea mvua, udongo ukainywa, kisha maji yakatoka kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Ukifyekwa, mvua huporomoka na udongo, na kijito hukauka mapema.

Basi mtaalamu wa umwagiliaji anajua nini? Kwanza anajua kupima. Hesabu yake hata wewe unaiweza. Kinga maji yote ya mfereji kwa bomba au gome la mgomba, yaingie katika ndoo ya lita 20, mwenzako akiangalia saa. Ikijaa kwa sekunde 10, mfereji unaleta lita 2 kila sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa.

Eka moja ya mboga wakati wa jua huhitaji kama lita 20,000 kwa siku. Kwa mfereji huo ni karibu saa 3. Kwa hiyo katika saa 12 za mchana mnaweza kunywesha eka 4. Lakini nusu ya maji ikivujia njiani, eka moja itataka karibu saa 6, na mtanywesha eka 2 tu. Wenye eka mbili za chini watakosa, na hapo ndipo majembe yanapoinuliwa kwa ugomvi. Kumbe mwizi si jirani, mwizi ni ufa wa mfereji!

Kwa hiyo, ndugu wakulima, pimeni ndoo ya kwanza mahali maji yanapoingia mferejini, na ya pili shamba la mwisho. Tofauti ndiyo hasara yenu. Zibeni kwa udongo wa mfinyanzi, na penye mwamba uliopasuka tumieni saruji. Msilime ukingoni mwa chemchemi; achieni miti. Andikeni zamu kwa saa, watu wote wakisikia, wa juu na wa chini. Kisha mwiteni bwana shamba au bibi shamba wenu mkiwa na hesabu hizo mkononi. Mtaalamu mwenye kupewa hesabu husaidia upesi kuliko mwenye kupewa malalamiko.