Sombe, baasto na injera: Vyungu vya Nakivale vinavyomsubiri mfanyabiashara

RWEKUBO, Isingiro

ANAYETOKA Mbarara kuelekea kusini-mashariki hupita kwanza katika nchi ya matoke. Wilayani Isingiro, Rwekubo ikiwemo, migomba imefunika vilima na mikungu hupangwa kando ya barabara kusubiri malori ya Kampala. Chakula cha wenyeji kinajulikana: matoke, kalo ya ulezi, maharage, maziwa, na siku ya sherehe eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao Banyankore hawaoi wala hawaozi bila kuuandaa.

Mbele kidogo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, harufu hubadilika. Katika Base Camp, kitovu cha biashara cha makazi hayo, hoteli ya Msomali inayouza wali na nyama ya mbuzi haiko mbali na ya Muethiopia inayouza injera, na kando ya njia akina mama wa Kikongo wanakaanga mikate, ambayo Mtanzania angeiita maandazi ya duara. Anayetaka kula Afrika Mashariki na Pembe yake kwa siku moja hahitaji pasipoti. Anahitaji njaa tu.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani. Leo ina watu zaidi ya 100,000 kutoka Congo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Haina ua wa seng'enge. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na familia nyingi zimepewa vipande vya ardhi vya kulima.

Kwa miaka mingi, wageni wengi walidhani chakula cha mahali kama hapa ni mgao tu: mahindi, maharage na mafuta. Sokoni mambo yalikuwa mengine. Msomali aliuza sehemu ya mahindi yake akanunua tambi na mchele. Mkongo aliuza yake akatafuta unga wa muhogo. Mgao ulikuwa mtaji. Watu hawakuacha kula cha kwao kwa sababu walivuka mpaka, na hapo ndipo mfanyabiashara alipopata kazi.

Chukua sombe. Majani ya muhogo, ambayo wakulima wengi wa Ankole huyaacha shambani, hutwangwa, yakachemshwa kwa muda mrefu hadi sumu yake iishe, kisha yakaungwa kwa mawese, vitunguu na samaki mkavu. Huliwa na bugali wa muhogo. Majani yenyewe hupatikana papo hapo kwa bei ndogo. Fedha iko kwenye mawese na samaki, na vyote viwili hutoka mbali. Mawese hayatoki Isingiro. Michikichi mizuri iko Kigoma, Rumonge nchini Burundi, na mashariki mwa Congo. Na mpishi wa Kikongo hakubali mafuta meupe ya dukani badala yake, kwa sababu sombe isiyo na wekundu wa mawese, kwake, haijaiva.

Samaki ndiye anayewaumiza wachuuzi wageni. Mtanzania husema dagaa, Mrundi ndagala, Mkongo ndakala, Mganda mukene, naye Mkenya omena. Msikilizaji wa haraka hudhani wote wanataka kitu kimoja. Sivyo. Mukene wa Ziwa Victoria si yule wa Ziwa Tanganyika. Ni samaki wa jamii nyingine kabisa, na aliyeanikwa chini hubeba mchanga unaosikika menoni. Mama aliyelelewa Bujumbura au Uvira humtambua kwa jicho kabla hajamgusa. Anayeleta gunia la mukene akidhani amewaletea Warundi ndagala ataliuza, lakini kwa bei ya chakula cha kuku. Makayabo, samaki wa chumvi, nayo ina wateja wake waaminifu miongoni mwa Wakongo.

Kwa Wasomali hesabu ni tofauti. Baasto, yaani tambi, waliirithi kutoka kwa Waitaliano waliowatawala, na sasa ni chakula cha kila siku kama ugali kwa Mkenya. Tambi na mchele hupitia kwa wauzaji wa jumla wa mijini, na mchuuzi mdogo hana nafasi kubwa humo. Nafasi yake iko kwenye mbuzi, ambaye lazima afike hai ili achinjwe kwa utaratibu wa Kiislamu. Kwenye maziwa ya chai, ambayo Mbarara inayo tele. Na kwenye ndizi mbivu. Naam, ndizi mbivu: Msomali huila pamoja na wali wa nyama, tonge kwa tonge, jambo linalowashangaza majirani. Mkulima wa Isingiro aliyezoea kuuza mikungu ya kupika ana soko la ndizi tamu mlangoni pake.

Injera ndiyo ngumu kuliko zote. Teff, nafaka yake, ni ndogo kuliko ulezi, na Ethiopia ilizuia kuisafirisha nje ikiwa mbichi tangu mwaka 2006, ikaja kulegeza baadaye kwa masharti. Ndiyo maana wapishi wengi wa injera walio nje ya Ethiopia huchanganya teff na unga mwingine. Anayewauzia afuate pia kalenda: Jumatano na Ijumaa, na katika majuma marefu ya mfungo wa Waorthodoksi, nyama na maziwa hukaa kando, na dengu na unga wa shiro huenda kwa kasi. Mwezi wa Ramadhani soko hugeukia tende na sambusa.

Swali ni nani alete. Mkimbizi mwenyewe hawezi kwenda Uvira au Rumonge kufuata mzigo. Kurudi katika nchi aliyoikimbia kunaweza kumpotezea hadhi ya ukimbizi, na pengine uhai. Anamtegemea mtu wa mpakani. Mtu huyo naye hutegemea mipaka isiyotulia. Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa Januari 2022. Bunagana iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2022, miezi miwili tu baada ya Congo kutia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na ndagala wa nchi kavu akalazimika kuzunguka Tanzania: Kobero na Kabanga, Ngara, Karagwe, hadi Murongo, ambako daraja la Mto Kagera humvusha mtu hadi Kikagati, wilayani Isingiro. Njia ni ndefu, lakini inaishia karibu kabisa na mteja.

Kwa mzigo mdogo, Jumuiya ina Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya samaki na mimea, na hapo ndipo wengi hukwama, mzigo ukiharibika huku karatasi moja ikitafutwa.

Kinachopungua Nakivale si hamu ya chakula, ni fedha. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikata mgao nchini Uganda kwa asilimia 30 mwaka 2020, likakata tena mwaka 2021, na mwaka 2025, wafadhili walipojiondoa, likawatoa wakimbizi wapatao milioni moja katika orodha ya msaada kote nchini. Ule mtaji wa mahindi uliogeuzwa tambi na muhogo umekauka kwa familia nyingi. Mama wa mikate anakaanga kidogo kuliko alivyozoea. Mwenye hoteli anakopesha, na anayemkopesha yeye ni mwenye duka la Mbarara.

Kwa hiyo anayekuja na lori zima kwa kukumbuka Nakivale ya miaka kumi iliyopita anaweza kulala nalo. Mawese hapa yanaondoka kwa chupa ndogo, ndagala kwa kopo, unga wa muhogo kwa kilo moja moja. Bei huulizwa kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya Ankole lakini inaelewana sokoni kuanzia Kabazana, wanakopokelewa wageni wapya, hadi Rubondo. Na swali la kwanza la mama wa Kikongo kwa mchuuzi mgeni si bei. Huuliza samaki ametoka ziwa gani.