Gia Gani Mlimani Senjele?

Anayekaa Ihanda halali bila kusikia malori. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma imetupitia, na mizigo ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Nasi tukiwapeleka watoto wetu Mbeya, shuleni au hospitali, lazima tupite mlima Senjele. Pale uhai wetu uko kwa Mungu, lakini pia uko kwa dereva na gia zake. Yafaa tuzijue, hata kama hatutashika usukani kamwe.

Injini peke yake haina nguvu ya kuliondoa gari zito mahali liliposimama. Ndani ya giaboksi kuna magurudumu ya chuma yenye meno. Gurudumu la meno 12 likisukuma lenzake la meno 42, lile dogo huzunguka mara tatu na nusu ndipo kubwa lizunguke mara moja. Mwendo umepungua, lakini nguvu imeongezeka karibu mara hizo hizo. Gia namba moja ya gari dogo hukaribia hapo. Namba tano ni kinyume: mwendo mwingi, nguvu kidogo. Baiskeli zetu za kubebea kahawa hazina gia za kubadilisha, ndiyo maana baba hushuka na kuisukuma kilimani.

Tupige hesabu. Difu nayo hupunguza mwendo, tuseme mara nne. Basi kwa namba moja injini huzunguka mara 14 ili tairi lizunguke mara moja. Kwa namba tano mara tatu na kidogo tu. Injini ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, na tairi likisogea mita mbili kila mzunguko, namba moja itakupa kilometa 24 kwa saa. Namba tano itakupa 105.

Sasa teremka. Huku ni tairi linaloizungusha injini. Kwa gia ndogo linalazimika kuizungusha mara nyingi, nayo hukataa, na gari hushikwa. Kwa gia kubwa injini haishiki kitu, kazi yote inaachiwa breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto hadi zikapoteza mshiko. Ile harufu ya kuungua ndiyo hiyo. Ukiisikia ndani ya basi usiishie kuomba kimoyomoyo, paza sauti dereva asikie! Sisi wauguzi huwapokea watu wakati maneno hayasaidii tena.

Wapo wanaoweka gia huru ati kuokoa mafuta. Hesabu hiyo ni ya uongo. Magari mengi ya siku hizi hukata mafuta kabisa yanapoteremka yakiwa ndani ya gia. Kwenye gia huru injini huendelea kuyanywa ili isizimike.

Jambo linaloua zaidi ni kuchelewa. Lori lililojaa likishapata kasi, gia ndogo hukataa kuingia, na dereva aliyekwisha kuitoa ile kubwa hubaki hana gia yoyote. Kwa hiyo gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, na kwa kawaida ni ileile ambayo angeipandia mlima huo akiwa na mzigo.

Wenye waume madereva, waulizeni jioni hii wanateremka Senjele na gia namba ngapi. Dereva mzuri hukutajia kabla hujamaliza swali.