Amri Moja Wakati wa Maafa

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Watu walikimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini, na cheche iliyo mbali yaweza kuuwasha, moto ukarudi hadi kwenye tangi. Kwa hiyo amri ya kwanza ni kuwaondosha watu.

Ndiyo maana pahitajika msimamizi mmoja. Polisi huzingira eneo, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukabili moto, na waganga huwapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao. Kila kikosi kikifuata amri yake, gari la wagonjwa hukwama katika umati. Kamati za maafa za wilaya na mkoa, pamoja na Ofisi ya Waziri Mkuu, huongeza watu na vifaa pale nguvu za mahali zinapozidiwa. Baadhi ya majeruhi wa Msamvu walipelekwa Muhimbili, Dar es Salaam.

Lakini dakika za mwanzo, kabla vikosi havijafika, zi mikononi mwa wananchi. Atakayetangulia kuiona hatari na asisogee, bali awazuie wenzake.