Moto wa Makunduchi wachoma uhasama wa mwaka mzima

KILA jamii ina masimulizi ya chimbuko lake. Waembu husimulia habari za Mwenendega, aliyejaaliwa na Mwenyezi Mungu mke mrembo mahali paitwapo Mbui Njeru, karibu na Runyenjes ya leo. Majirani wao Wameru husema mababu zao walitoroka utumwani Mbwaa, wakavuka maji wakiongozwa na Koomenjwe aliyeyagawa kwa fimbo. Waliovuka usiku wakawa weusi, wa alfajiri wekundu, na wa mchana weupe. Koo za Wameru hugawanywa hivyo hadi leo.

Wazee wa Meru husimulia pia kwamba maji ya Mbwaa yalikuja yakala nyasi, kisha yakarudi. Hayo si mengine ila bahari kujaa na kupwa, na watu wa milimani wangeyajuaje?

Ndiyo maana Mmeru anayefika Makunduchi, kusini mwa Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa hatajiona mgeni sana. Huko nako watu hujinasibisha na mababu waliovuka bahari, Washirazi kutoka Uajemi. Sherehe hiyo, ambayo miaka hii huangukia mwezi Julai, ina asili ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Nairuzi ya Uajemi husherehekewa Machi. Ile ya Waswahili ilihama kwa sababu mwaka wao wa jua una siku 365 kamili, yaani miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano za ziada, bila siku ya kufidia kila mwaka wa nne. Kwa hesabu hiyo wakulima na mabaharia walijua misimu, jambo ambalo kalenda ya mwezi isingewasaidia.

Siku ya kwanza wanaume wa pande mbili za mji, kusini na kaskazini, hukabiliana uwanjani kwa mashina ya migomba. Vipigo ni vya kweli ingawa silaha ni laini. Mwenye kinyongo na mwenzake hukitoa hapo, kwani chuki ya mwaka uliopita haifai kuvushwa hadi mwaka mpya. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kiini cha sherehe, ingawa wapiga picha hungojea zaidi kinachofuata.

Nacho ni moto. Kibanda cha makuti hujengwa, watu wakaingia ndani, kisha mganga akakitia kiberiti. Waliomo hujitoma nje na kukimbia kabla ya ndimi za moto kuwafikia. Macho yote huelekea juu, maana upande unaoelekea moshi hutabiri bahati ya mwaka unaoanza. Wakati huo wanawake, waliovalia nguo zao bora, huzunguka wakiimba na kuwatania wanaume bila haya.

Baada ya hapo ni karamu, na sherehe huendelea kwa siku nne. Nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na mkosi, hivyo mpita njia asishangae akivutwa mkono aingie kula.