Je, Wajua? Volkano na Mahame ya Kwale

Je, wajua kwamba Kwale ina volkano yake, iliyozimika? Vilima vya Jombo na Mrima, bara kidogo kutoka Msambweni, ni mabaki ya miamba ya moto iliyopanda kutoka tumbo la ardhi enzi za dinosaria. Mvua na upepo vimekwangua yaliyokuwa juu, kikabaki kiini.

Je, wajua kwamba udongo wa Mrima una niobiamu, madini adimu na thoriamu, na kwa hiyo mnururisho wa asili hapo umezidi kawaida? Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec ya kuchimba madini hapo. Kesi ikafika kwa wasuluhishi wa Benki ya Dunia, na mwaka 2018 kampuni ikashindwa. Kilima hichohicho ni msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda.

Je, wajua kwamba majirani zetu wa kisiwa cha Ngazija walihamishwa na lava? Aprili 1977 mlima Karthala ulipasuka ubavuni, lava ikafunika kijiji cha Singani. Na tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka Ziwa Kivu. Watu wa Goma walirudi, wakajenga juu ya lava ileile.

Je, wajua kwamba Kwale ina mahame ambayo hayakuhitaji volkano? Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vyenye ngome, vikifichwa ndani ya msitu, na fingo la ulinzi likizikwa humo. Amani ilipokuja, watu wakatoka kidogo kidogo kufuata mashamba na biashara. Kufikia miaka ya 1940 hapakuwa na mkazi. Msitu ukabaki kwa sababu wazee walikataza kuukata. Kwangu mimi, hilo ni jambo kubwa kuliko jengo lolote la mawe: ukuta hubomoka, lakini hapa watu walihama na miti ikaendelea kulindwa kwa miiko. Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008.

Je, wajua masharti ya kuingia Kinondo? Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuongozwa na mwenyeji. Usichume jani wala kuokota kijiti. Wapenzi wasikumbatiane. Ukiambiwa usipige picha mahali fulani, tii. Humo kuna makaburi ya wazee wa watu.

Je, wajua kwamba penye mlango wa mto Mwachema, kaskazini mwa Diani, uko Msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, katikati ya mibuyu mikubwa? Mji wa kale uliouzunguka umetoweka. Msikiti bado unasaliwa, kwa hiyo fika nje ya saa za swala, jisitiri, na uombe ruhusa kabla ya kuvua viatu.