Sindano ya malaria haiwekwi kiporo

Mama mmoja wa Nyalenda alifika kwangu asubuhi akiwa amembeba mtoto wa mwaka mmoja mwenye uzani wa kilo 10. Mtoto alikuwa anachemka, amelegea, hana nguvu hata za kunyonya. Mkononi mama alishika kichupa kidogo kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Jioni iliyotangulia, mtoto alikuwa amedungwa sindano ya artesuneti katika zahanati moja. Nusu ya dawa ilibaki, na mama akaambiwa aiweke katika friji ya jirani hadi asubuhi, wakati wa sindano ya pili.

"Daktari, si dawa ni ile ile?" aliniuliza.

La, haikuwa ile ile tena. Nilikitupa kichupa hicho, nikafungua kipya, kisha nikampeleka mtoto alazwe. Homa ya asubuhi hiyo haikunishangaza, kwa sababu sindano moja haitoshi kumaliza malaria kali. Kilichonitia hofu ni hiyo sindano ya pili, ambayo ingedungwa ikiwa imeharibika.

Adui yake ni maji

Sisi wakazi wa Kisumu na ufuo wote wa ziwa, kuanzia Usenge hadi Mbita, malaria tunaijua vyema. Lakini wengi wetu hatujui ni kwa nini artesuneti huja ikiwa unga mkavu.

Sababu ni kwamba dawa hii haiwezi kukaa ndani ya maji. Ikiwa kavu, na ikiwekwa mahali pasipo na joto kali, hudumu hadi tarehe iliyoandikwa kwenye kichupa. Ikichanganywa na maji huanza kuvunjika. Mwilini, kuvunjika huko kuna faida, kwa kuwa ndani ya dakika chache damu huigeuza kuwa kemikali inayoua vijidudu vya malaria. Ndani ya kichupa hakuna kijidudu cha kuuawa. Kemikali hiyo nayo huendelea kuharibika, na nguvu ya dawa hupotea bure.

Kwa hivyo dawa iliyochanganywa hutumiwa kabla ya saa moja kupita, yaani dakika 60. Inayobaki hutupwa. Friji haiongezi muda huo. Tena dawa hii haina kitu cha kuzuia viini, na kichupa kilichokwisha kutobolewa kinaweza kuingiza viini katika damu ya mgonjwa.

Usidanganywe na macho. Dawa iliyogeuka ukungu itupwe mara moja, lakini hata iliyo angavu kama maji ya chemchemi huenda imekwisha nguvu.

Hesabu ya kichupa

Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzani wake. Huyu wa kilo 10 alihitaji miligramu 30, na kichupa cha kawaida kina miligramu 60. Hapo ndipo kishawishi huingia: nusu imebaki, dawa ni ghali, na sindano ya pili ni baada ya saa 12. Mzazi huona ni hasara kuitupa. Lakini cha rahisi ni ghali. Vichupa vya miligramu 30 vipo pia. Uliza kama vinapatikana.

"Mbona hamkumwekea maji?"

Jamaa za wagonjwa hunilaumu hivi mara nyingi. Wamezoea kwinini, ambayo hutiwa katika chupa ya maji na kudondoka polepole kwa saa kadhaa. Artesuneti haining'inizwi hivyo. Huchanganywa kwanza na sodiamu baikaboneti inayokuja pamoja nayo, kisha huongezwa maji ya chumvi au ya glukosi ya hospitali, na kudungwa mshipani kwa dakika chache. Ikimalizika upesi, usidhani umepunjwa.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wa Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wenye malaria kali. Faida hiyo yote yaweza kupotea ndani ya friji ya jirani.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, omba kichupa kifunguliwe mbele yako, na uulize kilichanganywa saa ngapi.

Pili, kila sindano iwe na kichupa kipya. Sindano huwa angalau tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa 12, na ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza. Mgonjwa akiweza kumeza, lazima amalize dozi kamili ya tembe kwa siku tatu.

Tatu, ukitumwa kununua dawa, usiiache ndani ya gari juani wala chini ya paa la mabati lenye joto.

Nne, mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepatwa na degedege au kupoteza fahamu, si wa kutibiwa akitoka nyumbani. Mkimbize hospitali alazwe.

Muuguzi akitupa nusu ya dawa uliyolipia, usimkasirikie. Mshukuru, kwani analinda maisha ya mwanao.