Petroli au Dizeli? Injini ya Pikapu katika Milima ya Rungwe

Barabara itokayo Kyela kwenda Mbeya ni maabara ya fizikia iliyojengwa kwa lami. Huanzia katika bonde la Ziwa Nyasa, mahali palipo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapita Tukuyu penye mita 1,500 na ushei, kisha ikapanda hadi Isongole, nyuma ya Mlima Rungwe, kwenye takriban mita 2,200, kabla ya kuteremkia Uyole. Njia hiyo hupitisha ndizi, viazi mviringo, parachichi, chai na maziwa ya Rungwe, pamoja na mchele na kakao ya Kyela. Mvua ni nyingi: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na barabara za kuingia mashambani ni za udongo.

Tuchukue kikundi cha wakulima kilichoweka akiba kwa miaka kadhaa ili kinunue pikapu moja mpya ya kubebea mazao yao. Muuzaji anawapa aina tatu za injini. Ya kwanza ni ya petroli, lita 2.7, kama ile ya Toyota Hilux. Ya pili ni ya dizeli yenye turbo, lita 2.4, katika gari la umbo lile lile. Ya tatu ni ya dizeli isiyo na turbo, lita 4.2, silinda sita, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1990 na kuwekwa katika Land Cruiser. Ya petroli ndiyo nafuu kwa bei ya kununulia. Je, wachague ipi? Wakikosea, kosa hilo watalilipa kila siku kwenye kituo cha mafuta na kila msimu kwa fundi, na ndizi hazimngoji fundi.

Yafaa tuanze na namna injini hizi zinavyofanya kazi. Zote mbili, ya petroli na ya dizeli, huenda kwa mapigo manne: pistoni huvuta hewa, huigandamiza, mafuta huwaka na kuisukuma pistoni chini, kisha moshi hutolewa. Mjerumani Nikolaus Otto ndiye aliyefanikiwa kuunda injini ya mapigo manne mwaka 1876. Katika injini ya namna yake, mchanganyiko wa hewa na petroli hugandamizwa kiasi cha mara tisa hadi kumi na moja, kisha plagi hutoa cheche. Rudolf Diesel alifuata njia nyingine, na injini yake ya kwanza iliyofaulu ilifanya kazi huko Augsburg mwaka 1897. Yeye aliigandamiza hewa tupu kwa nguvu nyingi mno. Mwanafunzi yeyote aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata joto mkononi. Gandamiza hewa mara 16 hadi 22, nayo itapita digrii 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyizwa ndani ya hewa hiyo huwaka yenyewe pasipo cheche.

Mgandamizo huo mkubwa ndio chanzo cha tofauti karibu zote tutakazozitaja. Kadiri hewa inavyogandamizwa zaidi kabla ya mwako, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kuwa kazi. Injini ya dizeli ya gari dogo, ikivuta mzigo, yaweza kugeuza takriban asilimia 35 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Ya petroli, tuseme asilimia 27. Isitoshe, lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, na lita ya petroli 32. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba injini inayohimili mgandamizo huo lazima iwe na chuma kizito, na pampu na nozeli za kunyunyizia mafuta lazima zichongwe kwa ufundi wa hali ya juu. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake.

Sasa tulipandishe gari letu. Pikapu na mzigo wake tuziweke kilogramu 3,000. Kutoka Kyela hadi Isongole, tukiacha kando mabonde ya katikati, gari huinuliwa mita 1,700. Kazi ya kuinua ni tungamo mara mvuto mara kimo: 3,000 × 9.8 × 1,700, yaani karibu megajuli 50. Injini ya dizeli hupata megajuli 12.6 za kazi katika kila lita, hivyo itatumia lita 4 kwa ajili ya kuinua tu. Ya petroli hupata megajuli 8.6, nayo itatumia lita 5.8. Juu ya hayo kuna msuguano wa magurudumu na ukinzani wa hewa, lakini uwiano haubadiliki sana. Mwalimu wa kidato cha tatu anaweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii badala ya lile tofali la vitabuni linalopandishwa juu ya meza miaka nenda miaka rudi.

Wauzaji hupenda kutangaza nguvu ya injini kwa kilowati, na wanunuzi hudanganyika kwa tarakimu hiyo. Ya petroli tuliyoitaja ina kilowati 120 hivi, ya turbo 110, na ile kubwa isiyo na turbo 96 tu. Kwa hiyo ya petroli ndiyo yenye nguvu? Tuone. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 12, gari letu la kilogramu 3,000 huhitaji kani ya nyutoni 3,000 hivi ili lisirudi nyuma na liendelee kwenda. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kwa sekunde, hizo ni kilowati 33. Zote tatu zina zaidi ya mara mbili ya hitaji hilo!

Siri imo katika mwendo wa injini. Kilowati 120 za petroli hupatikana injini ikizunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika, ikilia kama nyuki waliochokozwa. Dereva mwenye busara hapandi hivyo na mzigo. Anapenda mizunguko 2,000. Hapo linalohesabika ni momenti ya kuzungusha, yaani nguvu ya msokoto inayotolewa na injini kwenye shafti yake, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita. Dizeli ya lita 4.2 hutoa 285 kwenye mizunguko 2,200, na ile ya turbo hadi 400 kwenye mizunguko isiyofika 2,000. Ya petroli hufika kilele chake cha 245 hivi karibu na mizunguko 4,000. Kwenye 2,000 tuikadirie kuwa 200.

Lakini tarakimu hizo ni za usawa wa bahari. Isongole hewa ni nyepesi, kwa kuwa kanieneo ya anga hupungua kadiri tunavyopanda. Kwenye mita 1,500 lita moja ya hewa ina kiasi cha asilimia 86 ya oksijeni iliyomo katika lita ya hewa ya Dar es Salaam, na kwenye mita 2,200 ni asilimia 80. Wapishi wa Tukuyu wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: maji yao huchemka kwenye digrii 95 hivi, na maharage hukawia kuiva. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi zake yenyewe. Hewa ikipungua kwa asilimia 20, nguvu nayo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Nyutoni-mita 200 za petroli huwa 160, na kwenye mizunguko 2,000 hizo ni kilowati 33 na nusu. Hitaji letu lilikuwa 33. Ukitoa kinachopotelea kwenye giaboksi na difu, hazitoshi. Dereva atarudi gia ya chini na kuongeza mizunguko. Gari litapanda, la hasha halitakwama, lakini litapanda kwa kelele na kwa kiu. Dizeli ya lita 4.2 kwa mizunguko hiyo hiyo ina kilowati 47, ingawa tukumbuke kwamba gari lake lenyewe ni zito zaidi.

Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda. Katika nchi ya milima faida yake ni kubwa kuliko pwani, maana hurudisha sehemu kubwa ya kile kilichopunguzwa na mwinuko. Injini yenye turbo hupanda Isongole ikiwa karibu na hali yake ya Kyela, na kwenye mizunguko 2,000 yaweza kutoa kilowati 80.

Hapa lazima tuseme neno juu ya moshi mweusi. Pampu ya zamani ya dizeli hunyunyizia kiasi kile kile cha mafuta bila kujali kama hewa ni nzito au nyepesi. Ikiwa fundi aliirekebisha Dar es Salaam, huku juu mafuta yanazidi oksijeni, na yasiyopata oksijeni hutoka kuwa masizi. Kwa hiyo lori linalofuka moshi kwenye kilima cha Kiwira linatupa fedha hewani. Linatupa na sumu: mwaka 2012 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watoto wa shule wanaotembea pembeni mwa barabara ndio wanaouvuta. Dawa yake ni kupunguza mafuta kwenye pampu, jambo ambalo wenye magari hulikataa kwa kuogopa kupoteza nguvu ambayo kwa hakika hawanayo.

Je, basi turbo ndiyo jibu? Si kwa kila mtu. Injini mpya za dizeli hunyunyizia mafuta kwa kanieneo inayozidi mara 2,000 ile ya anga, kupitia vitundu vyembamba mno. Tone la maji au chembe ya kutu huweza kuharibu nozeli ambayo bei yake humkosesha mtu usingizi. Katika wilaya yenye mvua kama Rungwe, dizeli iliyowekwa kwenye mapipa, au tangi linalolala nusu tupu usiku wa baridi, hukusanya maji. Uchanganyaji wa mafuta ya taa nao ulikuwa balaa kubwa. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuondoa kishawishi. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi pampu kama dizeli inavyofanya. Injini ya lita 4.2 huvumilia mafuta mabaya zaidi kuliko ya turbo mpya, na mafundi wengi wanaijua. Uvumilivu huo hununuliwa kwa gari zito na ghali. Ya petroli, kwa upande wake, ni rahisi kutengeneza na huwaka upesi asubuhi za Juni na Julai, wakati dizeli ya zamani husubiri hita zake zipate moto.

Tupige hesabu ya mwisho, na tuipige kwa lita badala ya shilingi, kwa kuwa bei kikomo hutangazwa upya kila mwezi. Tuseme pikapu ya petroli hutumia lita 13 kwa kilomita 100 katika milima hii, na ya dizeli yenye turbo lita 9. Tuseme pia bei za lita zinakaribiana, na gari la dizeli limezidi bei kwa thamani ya lita 4,000, pamoja na akiba ya lita 1,000 kwa ajili ya nozeli na vichujio. Kila kilomita 100 huokoa lita 4, hivyo lita 5,000 hurudi baada ya kilomita 125,000. Kikundi kinachopeleka mazao Mbeya na kurudi kila siku, kilomita 140 hivi kutoka Tukuyu, kwa siku 300 za mwaka, hufikia hapo katika miaka mitatu. Shule inayotumia pikapu kufuata unga na kuni, kilomita 30 kwa siku, itangoja karibu miaka 14. Kwa maoni yangu, shule hiyo inunue petroli bila kuona haya, na kikundi kichukue dizeli yenye turbo, mradi kiwe na kituo cha mafuta cha kuaminika na mtu mmoja anayemwaga maji ya kichujio kila wiki. Ile ya lita 4.2 ningemshauri mwenye kazi ya kukaa Mwakaleli na vijiji vya ndani, ambako fundi wa kompyuta hafiki.

Limebaki jambo la kushuka. Zile megajuli 50 tulizozilipia wakati wa kupanda hazikupotea. Zitadai mahali pa kwenda gari linaporudi Kyela. Zote zikiishia kwenye breki, zatosha kupasha moto lita 150 za maji kutoka digrii 20 hadi 100. Wapo wanaodai kwamba dizeli hushika vizuri zaidi mteremkoni kwa sababu ya mgandamizo. Si hivyo. Hewa iliyogandamizwa huisukuma pistoni chini tena kama springi, na kurudisha sehemu kubwa ya kazi iliyotumika. Ya petroli hufunga kilango cha hewa na kulazimika kuvuta dhidi ya ombwe, hivyo kwa mizunguko ile ile haishindwi na dizeli. Ndiyo maana malori makubwa ya dizeli huongezewa kizuizi kwenye bomba la moshi. Pikapu za kawaida hazinacho, kwa hiyo dereva wa injini yoyote kati ya hizi tatu hana budi kuingiza gia ya pili au ya tatu akiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, kwa kuwa breki zikishaanza kunuka kuungua, gia ya chini huwa ngumu kuingia na gari limekwisha kushika kasi.